Maji Ambayo Mama Hakunywa

Mahindi yakianza kukomaa huku kwetu Robanda, watu huacha kulala. Mpaka wa hifadhi uko karibu na mashamba, na tembo hawahitaji kuonyeshwa njia. Mwenye shamba hupanda juu ya dungu jioni na tochi na debe la kupiga, akashuka kumekucha. Asubuhi anafanya kazi za nyumbani kama mtu aliyelala. Mtu akisinzia kanisani msimu huo hakuna anayemcheka, isipokuwa akikoroma.

Mwaka ambao mama aliugua, kulinda shamba na kumuuguza vilikuwa vyangu vyote viwili. Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya ndoa yangu kuvunjika. Baba alikuwa ameshafariki. Kaka yangu, ambaye ni mkubwa kwangu, alikuwa anaishi Tarime mjini, ana duka la vipuri vya pikipiki pale Bomani. Mama alikuwa na ugonjwa wa moyo. Miguu ilivimba, pumzi ilikuwa fupi, na hakuweza kulala chali, ilibidi aegemezwe kwenye mito kama mtu aliyeketi. Usiku jirani yetu, mama mmoja mjane, alikuja kukaa naye ili mimi niende shambani. Kukicha alirudi kwake, nami nikashika zamu ya mchana. Kwa hiyo usiku niliukosa usingizi kwa sababu ya tembo, na mchana kwa sababu ya mama.

Kaka alikuwa hajafika nyumbani kwa miaka miwili. Alikuwa amemwambia mama aliache shamba la mpakani wahamie wote Tarime, mama akakataa. Walibishana mpaka kaka akasema kwamba mama anawapenda tembo kuliko watoto wake. Mama akamjibu kwamba asirudi tena mpaka siku ya kumzika. Wote wawili walikuwa na hasira, na wote wawili hawakujua kurudisha neno nyuma. Mama alipozidiwa nilimpigia simu kaka. Akasema atakuja Jumamosi.

Wiki ya kwanza ya kulinda nilichoka kama mtu yeyote. Wiki ya tatu kulikuwa na jambo jingine, si uchovu tu. Nilitia chumvi kwenye chai ya mama. Nilisikia debe likipigwa kumbe hakuna anayelipiga. Asubuhi moja nilikuwa nimesimama uani na jirani, ananieleza jinsi mama alivyolala usiku, mimi namtazama usoni na kuitikia, mara nikamwambia, "Wafunge wale ndama kabla hawajanyonya."

Jirani akaangalia nyuma yake. Sisi hatukuwa na ng'ombe hata mmoja.

"Ndama gani, dada?" akasema. "Umewanunua lini? Na maziwa huniletei."

Tulicheka sote. Lakini mimi nilikuwa nimewaona ndama wale. Walikuwa watatu, mmoja ana baka jeupe kwenye paji. Nilikuwa nimesimama, macho yakiwa wazi, namsikia jirani, na papo hapo nilikuwa mahali pengine penye ndama. Sikumwambia hivyo. Niliona haya, nikasema ni mawazo tu. Alinishauri nilale hata usiku mmoja, yeye atamwomba shemeji yake alinde. Nilikataa. Mahindi yalikuwa yamebakiza siku chache, na nilitaka watu waone kwamba ninaweza.

Mama alifariki siku ya Alhamisi, mchana wa saa nane.

Nilikuwa nimeketi chini, mgongo ukutani, hatua mbili kutoka kitandani kwake. Kando ya kitanda palikuwa na kigoda, na juu yake kikombe cha maji kilichofunikwa kwa kisosi. Nyumba ilikuwa kimya. Jua la mlangoni lilikuwa limefika kwenye kizingiti, nakumbuka nililiangalia. Mama akasema, "Nipe maji."

Nikasema, "Nakuja, mama."

Nikainuka. Nikaondoa kisosi, nikamshika kichwa kwa nyuma, nikamnywesha. Alimeza mafunda mawili. La tatu alilishika mdomoni, akanipa ishara nimpe mikono. Kwetu mzazi anapombariki mtoto humtemea maji kidogo viganjani. Hata sisi tunaosali hatujaacha, na mchungaji anajua na hasemi kitu. Mama alinitemea viganjani, maji yalikuwa ya uvuguvugu. Akasema, "Hii yako." Akachukua funda jingine, akatemea tena. "Na hii mpelekee kaka yako."

Kisha nikasikia shingo inaniuma. Nilikuwa nimeketi chini, mgongo ukutani. Jua lilikuwa limevuka kizingiti na kufika kwenye magoti yangu. Mama alikuwa ameinama upande mmoja, mkono wake mmoja unaning'inia nje ya kitanda, vidole vinaelekea kigodani. Nilimwita mara nyingi.

Nilipiga kelele, jirani akaja, na wengine wakaja nyuma yake. Walinitoa nje. Mtu wa kwanza aliyeniuliza kama mama alisema neno lolote, nilimwambia kwamba aliomba maji, nikampa, akatubariki. Nilisema hivyo bila kudanganya. Kwangu mimi jambo lile lilikuwa limetokea. Nilikumbuka uzito wa kichwa chake mkononi. Hata leo naukumbuka.

Jioni wanawake walipomaliza kumwosha mama, niliingia chumbani kuchukua shuka. Kikombe kilikuwa palepale juu ya kigoda. Kisosi kilikuwa juu yake. Nilikiondoa. Maji yalijaa mpaka ukingoni, kama nilivyoyaweka asubuhi.

Nilisimama pale nikijaribu kutafuta njia nyingine. Labda nilimnywesha kisha nikajaza tena. Labda kilikuwa kikombe kingine. Nyumbani tulikuwa na vikombe viwili tu, na cha pili kilikuwa jikoni, kimeegeshwa kwenye kichanja tangu asubuhi. Niliangalia kanga aliyokuwa amejifunika mama, iliyoachwa kitandani, upande wa kifuani na shingoni. Mgonjwa wa namna ile hanywi bila kujimwagia. Ilikuwa kavu. Kisha nikakumbuka mkono wake ulivyokuwa.

Nilichukua kile kikombe, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikayamwaga maji kwenye shina la mpapai. Hakuna aliyeniona. Kutoka hapo siwezi tena kusema kwamba sikujua.

Kaka alifika Ijumaa badala ya Jumamosi. Alisimama nje ya uzio kama mtu aliyekuja kuulizia njia. Shangazi yetu, dada yake baba, alikuwa jikoni na wanawake wengine. Alimwona, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mgeni amefika. Mleteeni kiti, asije akasema hatujui kupokea wageni." Baadhi walicheka chini chini. Kaka alimwamkia shikamoo, shangazi akaitikia baada ya kumaliza kuchochea moto. Watu wote walijua maneno ambayo mama alimwambia. Walikuwa wanasema kwamba ameyatii, amerudi siku ya kuzika.

Kwetu kabla ya kuzika, aliyemuuguza marehemu husimama mbele ya watu akaeleza: ugonjwa ulianzaje, alitibiwa wapi, siku ya mwisho ilikuwaje, alisema nini. Watu husikiliza hapo kuliko wanavyosikiliza mahubiri. Neno la aliyeuguza ni kama ushahidi, hakuna anayesimama kulipinga.

Nilisimama. Nilieleza vizuri mpaka nikafika Alhamisi. Hapo nilimwona kaka, alikuwa amekaa nyuma kabisa na watu wa mbali, kofia mikononi. Nikasema mama aliomba maji, nikamnywesha, akanitemea baraka viganjani, akasema na hii mpelekee kaka yako. Nilimwita aje mbele. Alikuja. Nilishika mikono yake kwa mikono yangu mbele ya jeneza, na kaka yangu, ambaye sikuwahi kumwona analia tangu tukiwa wadogo, alilia mpaka shangazi akainuka akamshika.

Ningependa kuandika kwamba nilisema vile kwa kumhurumia. Nilimhurumia, ni kweli. Lakini kabla ya huruma kulikuwa na woga. Mimi ndiye niliyekuwa hatua mbili kutoka kwa mama. Kama baraka haikuwepo, basi palibaki kikombe, na mimi nimelala.

Baada ya mazishi nilipata sifa. Shangazi alinifunga kitenge kipya kiunoni mbele ya wanawake, akasema kama mabinti wote wangekuwa kama mimi, wazee wangekuwa wanakufa wametosheka. Mchungaji alinitaja Jumapili iliyofuata. Kila sifa niliipokea nikiangalia chini, nao wakasema nina unyenyekevu.

Kaka alianza kuja nyumbani kila mwezi. Aliezeka upya nyumba ya mama, akajenga uzio wa shamba, akawaambia watu wote waliotaka kumsikiliza kwamba mama alimtumia baraka. Aliacha ule ukali wake. Mke wake, wifi yangu, aliniambia kwamba siku hizi analala vizuri, zamani alikuwa anageuka geuka mpaka alfajiri.

Mimi usingizi wangu haukurudi kama zamani. Msimu wa kulinda ulipita, lakini nilikuwa nikilala kidogo naamka, na mchana unanikamata popote. Siku moja ulinikamata jikoni, nikaungua mguu kwa maji ya moto. Nilikwenda zahanati. Daktari wa pale alikuwa dada wa umri mdogo, mpole, alinifunga kidonda na kuniuliza ilikuwaje. Nilimwambia kwamba nasinzia bila kujua. Kisha, kama mtu anayeulizia jambo la jirani, nikamuuliza kama mtu anaweza kulala na kuota kwamba yuko macho anafanya kazi.

Alisema inawezekana sana kwa mtu aliyekosa usingizi kwa muda mrefu. Alinieleza kwamba aliyelala vizuri siku zote huingia usingizini polepole, ubongo unatulia hatua kwa hatua, na ndoto zenyewe mara nyingi huja baadaye. Aliyenyimwa usingizi haingii hivyo. Nilimwambia mimi ni mtu wa darasa la saba, anieleze kwa vitu ninavyovijua. Akaniuliza kama nimewahi kuona ng'ombe waliokosa maji siku mbili wakipelekwa mtoni. Nikasema nimeona, nimezaliwa Kenyamonta kwa akina mama, huko ng'ombe nawajua. Hakuna anayeweza kuwashika. Wanaingia wote kwa mkupuo, mmoja anamkanyaga mwingine. Akasema ubongo uliochoka huingia usingizini namna hiyo. Sehemu nyingine inalala wakati nyingine bado inasikia. Unaweza kuwa umefumbua macho na kipande cha ubongo kimeshalala. Na ndoto, badala ya kungoja zamu yake, inakupokea mlangoni, ikiwa imebeba kile ulichokuwa unataka kufanya. Ukiamka unadhani umeshakifanya.

"Kwa hiyo si kosa lake?" nikauliza.

"La nani?"

"Huyo mtu."

Aliniangalia. Akasema usingizi wa namna ile hakuna anayeweza kuuzuia kwa kujikaza, mwili unachukua haki yake. Nilimshukuru, nikaondoka na mguu wangu. Njia nzima nilikuwa najirudia maneno yake, na kwa muda yalinipunguzia. Wale ndama watatu niliwaelewa. Kichwa cha mama mkononi mwangu nilikielewa. Lakini nilipofika nyumbani nilipita karibu na ule mpapai. Ubongo haukunituma nimwage maji. Niliyamwaga nikiwa macho kabisa, nikiangalia kushoto na kulia.

Mwaka ulipokaribia kutimia, kaka alipiga simu. Alisema tutafanya kumbukumbu ya mama, ng'ombe yuko tayari, wakwe zake watakuja, na watoto wake watakuwepo, maana siku ya mazishi walikuwa shuleni. "Nataka usimame uwaeleze tena," akasema. "Wasikie kwa mdomo wako mwenyewe jinsi bibi yao alivyonitumia baraka."

Nilisema sawa. Kisha sikula siku mbili. Kuirudia hadithi ile mbele ya watoto, ili nao waje wawaeleze watoto wao, hilo lilinishinda. Siku ya tatu nilifunga safari kwenda Tarime.

Nilimkuta dukani anahesabu pingili za mnyororo na mteja. Alifurahi, akaniletea soda, akaniambia nikae kwenye boksi la matairi. Nilingoja mteja aondoke. Nilimwambia afunge mlango. Akacheka, akauliza kama nimekuja kumwibia. Nilipokosa kucheka, akafunga.

Nilimweleza yote. Nilianza na ndama ili aelewe nilikuwa katika hali gani, kisha nikaona ninajitetea, nikaacha, nikasema: mama aliomba maji, nikalala, akafa. Baraka niliiota. Kikombe nilikikuta kimejaa, na nilijua hivyo kabla ya kusimama mbele ya watu.

Kaka alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameshika plagi ya pikipiki, anaigeuza geuza vidoleni.

"Aliomba maji," akasema.

"Aliomba."

"Alijaribu kukifikia kikombe mwenyewe?"

Hilo nilikuwa nimeliacha. Nilidhani si lazima.

"Ndiyo," nikasema. "Mkono wake ulikuwa huko."

Aliweka plagi juu ya meza. "Na jina langu alilitaja?"

"Siku ile hakulitaja, kaka."

Alinigeukia. Hakupandisha sauti. "Ungeniachia ile baraka," akasema. "Mwaka mzima ukweli huu umeubeba mwenyewe. Ungeendelea kuubeba. Sasa umekuja kuutua hapa kwangu, wewe unarudi mikono mitupu."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimejiambia ninakwenda kumpa ukweli, kwa vile ni haki yake. Ukweli ulikuwepo, lakini pia nilikuwa nimechoka kuubeba, na yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Gari za kurudi zilikuwa zimekwisha siku hiyo, ikabidi nilale kwake. Wifi alinitandikia chumba cha watoto, akauliza kwa nini kaka hali chakula, nikasema atamweleza. Nilijilaza nikijua sitalala. Na hapa ndipo ninapoona haya kuliko pengine pote. Nililala. Nilisikia usingizi unakuja polepole, namna niliyokuwa nimeisahau, kwanza miguu ikawa mizito, kisha sauti za barabarani zikaenda mbali, kisha mawazo yakaanza kukatika moja moja, na hakuna ndoto iliyonipokea. Nililala mpaka jua likachomoza. Sikuwa nimelala hivyo tangu mama alipoanza kuugua.

Nilipotoka, wifi alikuwa anafagia. Aliniambia kaka hakuingia kitandani. Alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha plastiki, koti mabegani, macho mekundu, ameikumbatia chupa ya chai ambayo hakuifungua. Nilimwamkia. Aliitikia. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini nilikuwa nimetoka kulala, uso wangu ulikuwa bado na alama za mto, na niliona hata mdomo wangu haustahili.

Yeye ndiye aliyesema. "Siku ya kumbukumbu utasimama. Mimi sitakusemea, na sitakuzuia. Ukisema lile la kwanza, nitanyamaza. Ukisema hili, nitanyamaza vilevile. Ila watoto wangu watakuwa wanasikiliza."

Nilisimama siku hiyo nikasema hili. Nilianza na ugonjwa kama mara ya kwanza, nikafika Alhamisi, nikasema niliota, na nikasema nilimwaga maji. Hakuna aliyelia. Shangazi aliuliza kutoka alipokaa, "Kwa hiyo ulitutungia hadithi?" Nikasema ndiyo, shangazi. Aliniangalia kwa muda mrefu, kisha akawaambia wanawake wapakue chakula, wageni wana njaa. Tangu hapo ananisalimia, lakini mkono hanipi. Jirani yangu peke yake ndiye aliyekuja kukaa nami jikoni, akachambua mchele.

Kaka alinyamaza kama alivyosema. Watoto wake walimtazama yeye, si mimi, na yeye alikuwa anatazama chini.

Bado anakuja nyumbani, si kila mwezi. Uzio wa shamba aliujenga imara, lakini tembo hawajali, na msimu wa mahindi bado ninalinda. Siku hizi hunipigia simu mchana, nyakati za saa nane. Haulizi habari ya mama, wala hatuzungumzi mengi. Ananiuliza kama nimelala, na kwa muda gani. Ninamwambia ukweli. Nikisema sijalala, ananiambia nikate simu, nikalale, na kwamba kuna mtu amemtuma aje alinde usiku huo kwa niaba yangu. Sijui kama ananihurumia au ananichunga. Sijamuuliza. Ninakata simu, ninajilaza.